Inchi Kumi Nilizomwongezea Mama

Uliyenifuata kwenye safu hii wiki iliyopita uliniacha nimesimama katikati ya chumba cha makumbusho yetu hapa Bariadi, saa nne ya asubuhi, nikinusa waya ulioungua. Ambaye hukunisoma hujakosa raha yoyote. Naitwa Milembe Mashimba. Ndoa yangu ilivunjika mwaka juzi, mama yangu Apolonia nilimzika mwaka jana, na mwaka huu nikaua mashine iliyokuwa imebaki na sauti yake.

Neno hilo, nikaua, nalisema kwa makusudi. Watu wamenionea huruma wakasema ni umeme. Ni kweli umeme ulikatika, ukarudi na nguvu zisizo zake, ukaunguza kila kitu kilichokuwa ukutani. Lakini aliyeufungulia mlango ni mimi, kwa kalamu yangu mwenyewe, miezi saba kabla.

Ngoja nikwambie nilivyofanya, halafu utanihukumu. Wengi wameshanihukumu, hukumu moja zaidi hainiongezei uzito.

Makumbusho yetu si makubwa. Ni nyumba ya vyumba vitatu ya kikundi cha utamaduni, yenye ngoma, vibuyu vya maziwa, majembe ya zamani na shanga za wanawake wa kale. Mwenyekiti ni Mwalimu Januarius, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwema asiyependa kupingwa. Mimi ni katibu. Klementina anakata tiketi, anafagia, na anajua habari za kila mtu kabla mwenyewe hajazijua.

Mwaka jana wafadhili walitukubalia milioni kumi na nane kwa ajili ya skrini ya kugusa. Ni ile kubwa ya kusimama, mgeni anagusa picha ya mzee, na mzee anaamka kwenye kioo anaanza kusimulia au kuimba. Tulichagua wazee sita. Mpiga picha anaitwa Anatoli, alitoka Mwanza na kamera yake, akawarekodi wote kwa siku tatu.

Mama alikuwa wa sita. Aliimba nyimbo mbili, wa kupura mtama na wa kumuaga bibi harusi. Alikuwa ameshaanza kukonda, akawa anaishikilia kanga yake tumboni kana kwamba itaanguka.

Wiki tano baadaye alikufa.

Kwa hiyo tulipoketi kupanga ununuzi wa skrini, mwenzangu Mwalimu alikuwa anapanga bajeti ya kikundi. Mimi nilikuwa napanga mahali pa kumweka mama yangu.

"Ya inchi hamsini na tano inatutosha," Mwalimu Januarius alisema. "Ndiyo iliyoandikwa kwenye mchanganuo."

"Sitini na tano," nikasema.

"Kwa nini?"

Sikumwambia. Nilikuwa nimekwenda Mwanza kuchukua proforma, ile hati ya bei, dukani, nikamwomba Anatoli aje, tukajaribu video ya mama kwenye skrini zote mbili. Kwenye ya hamsini na tano mama alikuwa kama mtoto wa darasa la sita. Kwenye ya sitini na tano niliweka kiganja changu juu ya uso wake, kidole cha kati kikafika palepale kilipokuwa kinafika nilipokuwa nampaka mafuta akiwa mgonjwa.

"Ili wageni wa nyuma waone," nikamwambia Mwalimu.

"Tofauti ni milioni mbili na laki mbili. Tunaitoa wapi?"

"Tupunguze fahali wa uzinduzi."

Mwalimu alivua miwani. Akivua miwani ujue umemkosea.

"Mayu," aliniambia, maana kwetu mwanamke ukimheshimu unamwita mama hata kama ni mtoto wako, "mgeni rasmi aje mpaka Bariadi aondoke hajala nyama? Watasema Wasukuma tumeishiwa ng'ombe. Futa kingine."

"Fahali hagusiki," Klementina akaunga mkono kutoka mlangoni, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Nikapitisha kidole kwenye karatasi. Usafiri kutoka Mwanza haukufutika. Kodi haikufutika. Malipo ya Anatoli yalikuwa yameshatoka. Ikabaki mistari miwili ya chini kabisa. Wa nane, stabilaiza ya kutuliza umeme na betri ya akiba, milioni moja na nusu. Wa tisa, diski ya kuhifadhia nakala, pamoja na kazi ya kunakili, laki saba.

Ukijumlisha unapata milioni mbili na laki mbili, kamili, bila senti kuzidi. Nikaona ni Mungu.

"Hii diski ni ya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Ni ya kuweka kitu kilekile mara ya pili."

"Yaani kitu kimoja tunakijengea nyumba mbili?"

Akacheka. Nami nikacheka. Nilichukua rula, maana mimi ni mtu wa utaratibu, nikavuta mstari juu ya wa nane, nikavuta mwingine juu ya wa tisa. Pembeni nikaandika inchi sitini na tano, nikasaini.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Kwangu mauti yalikuwa yameshatangulia, tamaa ndiyo iliyokuja nyuma yake ikikimbia.

Fahali aliliwa. Alikuwa mtamu, sitaki kusema uongo. Mgeni rasmi alikata utepe, akapiga picha na skrini, akaondoka na paja zima kwenye buti la gari.

Baba yangu, Mzee Mashimba, alikuja kutoka Ngulyati amevaa koti lake la kanisani. Watu walipopungua alisogea mbele ya kioo, akanyoosha kidole, akagusa picha ya mama. Kimya. Akagusa tena. Kimya.

"Mashine hii hainitaki," alisema.

Anatoli alikuwepo siku ile. Alimwangalia baba mikono, akanivuta pembeni.

"Dada, vidole vya mzee vimekuwa vigumu mno. Kioo hiki kinasikia ngozi laini. Hicho kidole chake ni jembe tupu."

Miaka hamsini ya pamba na mtama, halafu mashine inasema haioni kidole. Nikagusa mimi. Mama akaamka kwenye kioo, na kanga yake, kwa kimo chake mwenyewe.

Baba alivua kofia.

"Mwadila, Apolonia," alimsalimia.

Watu wakacheka, wakidhani mzee anatania. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, niliona kidevu chake. Hakuwa anatania.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Jumamosi. Alipanda bodaboda kutoka Ngulyati na mfuko wa michembe, viazi vile vya kukausha. Nusu alimpa Klementina, nusu aliniletea mimi. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umeshamla macho, kufika mwanzoni mwa mwaka huu alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alikaa kwenye kiti, mimi nikamgusia kioo, mama akaimba wimbo wa kupura, akapumzika kidogo, mashine ikaendelea yenyewe na wa bibi harusi. Baba akashukuru, "wabeja", akaondoka. Hakuwahi kulia mbele yangu. Dakika tisa hizo zilimtosha kwa wiki nzima.

Ndipo ikaja asubuhi ile ya umeme niliyokwisha kuisimulia.

Nilimpigia Anatoli.

"Anatoli, skrini imeungua. Fundi wa hapa amefungua nyuma, anasema hata sehemu ya kuhifadhia imekuwa mkaa. Nataka uniletee zile video upya."



"Dada Milembe, si nilikuuliza ile siku ya kukabidhi? Nilisema, mna nakala? Ukaniambia ipo kwenye mashine."

"Niliona mashine ndiyo nakala."

"Mkataba ulisema nitunze siku thelathini. Nilitunza sitini. Kadi zile nimeshapigia harusi tatu, Dada. Pole sana."

Sikumlaumu, na silaumu leo. Kijana alikuwa na kazi zake. Niliiweka simu mezani taratibu, nikahisi kama nimeambiwa upya habari za msiba, safari hii na jina la aliyeua.

Mwalimu Januarius alifika akiwa amejipanga kunituliza.

"Usilie, mayu. Tutaandika barua kwa wafadhili, tutaomba nyingine. Safari hii tutaweka stabilaiza, hata kama hakuna fahali. Na wazee wapo, tutawarekodi upya."

"Wote?"

"Wote sita," alisema, halafu akakumbuka. Aliketi kwenye ngazi, akavua miwani, akawa anaifuta kwa muda mrefu.

"Watano," alisema mwishoni.

Jumamosi ya kwanza nilimwambia baba hakuna umeme. Aliitikia, akala michembe na Klementina, akarudi zake. Jumamosi ya pili nilimwambia fundi hajafika kutoka Mwanza. Akaniuliza jina la fundi. Nikamtungia jina. Uongo nao unahitaji bajeti, ukishaanza kuununua hauishi.

Jumamosi ya tatu hakuuliza kitu.

"Najua haijapona," alisema. "Nitakaa tu karibu nayo."

Akaketi. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja chake kigumu kwenye kioo kilichokufa, akakaa hivyo saa nzima. Niliingia ofisini nikajifungia. Nililia nimeuma daftari la wageni ili asinisikie.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo ambalo leo naliungama mbele ya nchi nzima.

Mimi na mama tulifanana sauti. Nilipokuwa nyumbani Ngulyati, nikipokea simu, mashangazi walikuwa wananimalizia habari zote za ukoo kabla hawajagundua kuwa wanaongea na Milembe. Nyimbo zile nazijua tangu tumboni. Na nyuma ya skrini kuna ukuta wa plaiwudi, na nyuma ya ukuta kuna stoo ya ngoma mbovu.

Nilimwambia Klementina.

Alinitazama kana kwamba nimemwomba amwage maji kaburini.

"Milembe, kumwigiza marehemu ni kumwita. Bibi yangu wa Mkula alikuwa anasema hivyo, na hakuwa mtu wa mchezo."

"Wewe ni Mkatoliki, Klementina."

"Ni Mkatoliki mwenye bibi."

"Umemwona alivyoshika kile kioo?"

Alichukua ufagio, akafagia mahali palipokuwa pasafi.

"Nitamwambia nini?" aliuliza.

"Mwambie picha imekufa, sauti ipo."

"Na wewe je? Atauliza uko wapi."

"Mwambie nina kikao."

Jumamosi iliyofuata niliingia stoo nikajibanza katikati ya ngoma. Nilimsikia baba akisalimia, "Mwangaluka", na Klementina akimkalisha kwenye kiti, akimweleza habari za picha na sauti. Alivyosema uongo vizuri nilishangaa. Halafu akagonga kioo kwa kucha, ndiyo ilikuwa ishara yetu.

Nikafumba macho, nikaimba wimbo wa kupura mtama.

Ni wimbo wa ndama aliyekataa kuvuka mto. Mama alikuwa anauimba polepole mwanzoni, halafu anaukimbiza. Nikafanya hivyohivyo. Nilipomaliza nilihesabu pumzi kumi, nikaanza wa bibi harusi, ule wa mama anayemwambia binti yake asiangalie nyuma akifika njia panda. Sauti ilinikatika mara moja, nikaivuta.

Upande wa pili palikuwa kimya. Nikajua nimekamatwa.

"Wabeja," baba alisema. "Sauti yake imekuwa safi zaidi."

"Fundi ameitengeneza, Mzee," Klementina akajibu.

Nilitoka stoo na vumbi kichwani, nimechoka kama mtu aliyelima ekari. Na ninaona aibu kusema hili, lakini nilifurahi. Kwa dakika tisa mama alikuwa amerudi kifuani mwangu. Wala sikuwa nimempoteza, nilikuwa nimempa nyumba nyingine.

Nikafanya Jumamosi ya pili, nikafanya ya tatu. Baba akanenepa kidogo. Alianza hata kumtania Klementina kwamba atamtafutia mume kule Kalemela ziwani, mvuvi, ale samaki bila kununua. Mwalimu Januarius aligundua, akaniita ofisini, akafungua mdomo kunikanya, kisha akaufunga.

"Sijaona kitu," alisema.

Nikajiona nimeshinda. Msomaji, mtu ukijiona umeshinda, angalia kwanza nani bado hajasema.

Sasa nakuja Jumamosi iliyopita.

Baba alifika mapema. Nilikuwa nimeshaingia stoo. Klementina akamkalisha, akagonga kioo, nami nikaimba wa ndama mpaka mwisho. Nikaanza kuhesabu pumzi zangu kumi. Nilipofika ya nne nikasikia gari likisimama nje, na sauti za watu wengi.

"Mzee, nimepata wageni, wanafunzi wa ualimu," Klementina alisema. "Wewe sikiliza tu, wa pili unaanza wenyewe. Mimi nawakatia tiketi kule mbele."

Mlango ukafungwa. Nikavuta pumzi niimbe.

"Apolonia," baba alisema.

Sikuwahi kumsikia akiita jina la mama kwa sauti ile. Aliita kwa upole, kama watu wanavyoitana wakiwa na siri. Alikuwa anaongea Kisukuma, ninakuandikia kwa Kiswahili ili tuwe pamoja.

"Huyu mama wa tiketi ametoka," alisema. "Mtoto yuko kikaoni. Kila siku nakuja hapa nasubiri tubaki wawili, hatubaki."

Nikafunga mdomo. Nikasema moyoni, anataka kumsalimia tu. Mwache amsalimie, kisha uimbe.

"Ile karatasi ya daktari sikuipoteza."

Sikuelewa. Karatasi gani?

"Ile ya kukupeleka Mwanza ukapasuliwe ule uvimbe. Daktari alinipa mkononi, akasema mzee, ndani ya wiki mbili, msichelewe. Nikaiweka ndani ya koti. Mpaka leo imo ndani ya koti, ninayo hapa."

Nilishika ngoma iliyokuwa karibu yangu, nikaishika kwa mikono miwili.

Maana mimi simu ile naikumbuka. Nilikuwa hapa hapa Bariadi, nimesimama kwenye foleni ya benki. Nilimuuliza, baba, daktari amesemaje? Akanijibu, amesema vidonge vinatosha, tumbo litatulia. Nikamshukuru Mungu pale kwenye foleni, mpaka mama mmoja akageuka kunitazama. Jioni nikanunua soda. Nilikuwa na kitanda, nilikuwa na friji, nilikuwa na pete ya ndoa iliyokwisha kuvunjika. Ningeuza vyote siku ile ile.

"Nilimwambia Milembe uongo kwenye simu," baba aliendelea. "Wewe ulikuwa umelala pale kitandani, unanisikia. Hukusema neno. Uligeukia ukutani."

Mama alikuwa anajua. Hilo liliniingia polepole, halikutoka. Mama alijua, akanyamaza, akaja kwangu kurekodiwa, akaishika kanga yake tumboni, akaimba, akaniaga. Nilimpigia makofi siku ile.

"Ni wale ng'ombe, Apolonia. Wale kumi na wawili wa mahari ya Mboje. Wakwe walikuwa wameshakuja zizini wakawaona, mmoja mmoja, wamewajua kwa rangi zao na pembe zao. Ng'ombe akishaonyeshwa kwa wakwe si wako tena. Ningeuza wawili wa kukupeleka Mwanza, siku ya kuwaswaga ningewaambia nini? Kwamba Mashimba anahesabiwa kumi na wawili anatoa kumi? Wangemrudisha kijana. Wangetutangaza mpaka mnadani."

Mboje ni kaka yangu. Mke wake ana mimba ya mtoto wa kwanza. Siku ya harusi yao mimi ndiye niliyebeba keki.

"Nikasema tuvune pamba kwanza," baba alisema. "Wewe ukasema sawa. Ulisema hivi, nakumbuka, ulisema, Mashimba, pamba siyo mbali."

Nilisikia anatafuta leso mfukoni.

"Pamba ilikuwa mbali," alisema.

Kule mbele wanafunzi walikuwa wanacheka, mmoja amepiga ngoma ya maonyesho bila ruhusa. Klementina akamgombeza. Mambo yalikuwa yanaendelea kama kawaida, na mimi nilikuwa nimesimama gizani kwenye vumbi, namchukia baba yangu. Nalisema kama lilivyo. Nilimchukia mpaka meno yakauma. Wiki zote hizi nimejiita muuaji kwa mistari miwili niliyoifuta kwenye karatasi, na yeye alifuta mwingine kabla yangu, mstari ambao ndani yake alikuwamo mama mwenyewe akiwa hai. Na tumefanya kwa sababu moja. Mimi nilitaka mama aonekane mkubwa, yeye alitaka asionekane mdogo mbele ya wakwe.

Nilitaka kupiga teke ule ukuta wa plaiwudi, nitoke, nimshike lile koti, nimwambie toa hiyo karatasi niisome.

Nikaweka mkono kwenye kitasa.

"Miaka arobaini na moja tumeishi," baba alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, ikabidi nisogeze sikio ili nisikie, na mkono ukabaki kwenye kitasa. "Nikikukosea hukuwa unagomba. Wake za wenzangu walikuwa wanagomba, wewe ulikuwa unaacha kuimba. Unatwanga kimya, unachota maji kimya, unanipa chakula kimya. Siku mbili, siku tatu. Mara moja ilikuwa mwezi, nilipouza yule mtamba wako bila kukuuliza. Halafu siku moja niko nje nasikia unaimba jikoni, na mimi najua yamekwisha. Hatukuwa tunaongea tena habari hiyo."

Alikohoa.

"Baada ya ile simu hukuimba tena nyumbani. Uliimba hapa kwa hawa watu wa kamera, lakini nyumbani hukuimba mpaka unakufa."

Nilitoa mkono kwenye kitasa, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni kweli. Siku zile za mwisho nilikuwa nalala Ngulyati, nikimgeuza na kumpaka mafuta, na nilidhani haimbi kwa sababu ya maumivu.

"Mimi sijarukwa na akili," baba alisema. "Najua hii ni mashine. Najua ikimaliza wa kwanza inapumzika, halafu inaimba wa pili, kila Jumamosi ni hivyo. Lakini leo nimekwambia, nimemaliza, sina kingine nilichoficha. Sasa nasikiliza. Ukiimba nitajua yamekwisha. Usipoimba nitajua pia. Nitachukua kofia yangu niende, na sitakuja tena kukusumbua."

Pumzi kumi zilikuwa zimeshapita zamani. Mashine gani inapumzika namna hiyo?

Neno la kwanza la wimbo lilikuwa limeshafika kooni. Nikiliachia, nitakuwa nimemsamehe kwa mdomo wa mama jambo ambalo mama aliondoka nalo ameligeukia ukutani, na ambalo mimi mwenyewe sijalisamehe. Nikilimeza, mzee mwenye macho ya vivuli atatembea peke yake mpaka barabarani akiwa amehukumiwa na mkewe, na hukumu hiyo nitakuwa nimeitunga mimi, stoo, katikati ya ngoma mbovu.

Mama, ungefanyaje? Nilimuuliza kwa dhati. Nilisubiri anijibu, na yeye ndiye pekee ambaye hakuwa mle ndani.

"Huna haraka," baba alisema. "Na mimi sina haraka."

Kisha nikasikia kiti kikivutwa, miguu yake ikikwaruza sakafu, kikisogezwa karibu zaidi na kioo.